Ushindi wa Gari la Kuazima: Brussels, Safari na Historia ya Mbio za Magari ya Kawaida

Upande wa mashariki wa jiji la Brussels, katika Bustani ya Cinquantenaire, limesimama tao kubwa la mawe ambalo Mfalme Leopold wa Pili alilizindua mwaka 1905, wakati Kongo yote ingali mali yake binafsi. Katika ubawa wa kusini wa majengo hayo kuna makumbusho ya magari, Autoworld, yaliyofunguliwa mwaka 1986. Msomaji wa Kiswahili aishiye Ubelgiji huenda amewahi kuingia humo na watoto wake Jumapili ya mvua, akatoka na wazo ambalo makumbusho ya aina hii hulipanda bila kulitamka: kwamba historia ya gari ni historia ya kasi. Kila muongo huongeza kilomita kadhaa kwa saa, na kilichobaki nyuma husahauliwa.

Makala haya yanapendekeza njia nyingine ya kuisoma historia hiyo. Tangu siku za mwanzo, pembeni mwa mbio za magari yenye kasi kuu, kumekuwapo mbio za magari ya polepole: magari ya kawaida, yaliyonunuliwa dukani kwa bei ambayo fundi, mwalimu au karani angeweza kuifikiria. Mbio hizo zimepuuzwa kama burudani ya wasio na uwezo. Hoja yangu ni kwamba zina swali lao wenyewe, na swali hilo si dogo. Mbio za kasi kuu huuliza ni nini kinachowezekana fedha na uhandisi vikiachiwa huru. Mbio za magari ya kawaida huuliza ni nani anayestahili kushindana na nani, na kwa kipimo gani. Hilo la pili ni swali la haki, nasi watu wa Afrika Mashariki tumelijibu mara kadhaa, vizuri na vibaya.

Tuanze na mwana wa Brussels ambaye jina lake limefungamana na kasi kuliko jina lingine lolote. Camille Jenatzy alizaliwa mwaka 1868 katika familia iliyomiliki kiwanda cha bidhaa za mpira, akasomea uhandisi, akavutiwa na magari ya umeme. Katika majira ya baridi ya mwaka 1898 na 1899 alishindana na Mfaransa, Gaston de Chasseloup-Laubat, kwenye barabara iliyonyooka ya Achères, karibu na Paris. Hawakuzunguka uwanja. Kila mmoja alikimbia peke yake kwenye mstari mmoja, dhidi ya saa, kisha mwenzake akajibu. Mfaransa alianza kwa kilomita 63 kwa saa, Jenatzy akafikia 66, Mfaransa akapanda hadi 70, Jenatzy 80, Mfaransa 92. Mwishoni mwa Aprili 1899 Jenatzy alileta gari lenye umbo la risasi aliloliita La Jamais Contente, yaani Asiyeridhika Kamwe, akafikia kilomita 105.88 kwa saa. Akawa mwanadamu wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa ndani ya gari.

Jina la gari hilo lingeweza kuwa anwani ya historia nzima ya kasi. Asiyeridhika hana mwisho, na gharama yake haina mwisho pia. Gharama hiyo haikulipwa na wenye magari peke yao. Mahitaji ya mpira kwa ajili ya matairi ya baiskeli, na baadaye ya magari, ndiyo yaliyoifanya mitomvu ya misituni Kongo kuwa na thamani, na ndiyo yaliyowafanya wanavijiji wa huko wakusanywe kwa nguvu, wapigwe na kuuawa kwa kutotimiza kiasi walichopangiwa. Sisemi kwamba mwendesha gari wa Achères alikuwa na mkono katika hayo. Nasema kwamba tao la Cinquantenaire na tairi la mpira ni vitu vya zama moja, na kwamba anayehesabu kilomita kwa saa bila kuhesabu kingine anasoma nusu ya daftari.

Hata hivyo maisha ya Jenatzy mwenyewe yana kisa kinachotufaa zaidi. Mwaka 1903 aliajiriwa kuendesha Mercedes katika mashindano ya Kombe la Gordon Bennett, yaliyofanyika Ireland. Kiwanda kilikuwa kimeandaa magari maalumu yenye nguvu farasi 90. Wiki chache kabla ya mashindano moto ulizuka katika kiwanda hicho huko Cannstatt, Ujerumani, na magari hayo yakateketea. Kampuni ilibaki na njia moja tu: kuwaendea wateja wake na kuazima magari waliyokwisha kuwauzia. Tarehe 2 Julai 1903, karibu na mji wa Athy, Jenatzy alipanda Mercedes ya nguvu farasi 60, mali ya tajiri Mmarekani aitwaye Clarence Gray Dinsmore, gari lililokuwa likitumika barabarani kwa matembezi. Akakimbia zaidi ya kilomita 500 akashinda.

Kwa hiyo ushindi mkubwa kuliko wote wa mtu yule ambaye hakuridhika kamwe ulipatikana kwa gari la pili kwa ubora, la kuazima, la mteja. Ni kweli kwamba hilo halikuwa gari la mtu wa kawaida; mwaka 1903 hapakuwa na gari la mtu wa kawaida. Lakini jambo moja lilithibitika siku ile, nalo ndilo msingi wa mbio zote za magari ya dukani: gari likiwa karibu sawa na magari mengine, kinachobaki kuonekana ni dereva.

Ubelgiji ilichukua miaka ishirini kuugeuza ukweli huo kuwa desturi. Mwaka 1924, kwenye barabara za vijijini kati ya Francorchamps, Malmedy na Stavelot, mashariki mwa nchi, yalianzishwa mashindano ya saa 24 ya Spa. Hayakuwa ya magari ya kasi kuu pekee. Magari yaligawanywa katika madaraja kwa ukubwa wa injini, na gari dogo lilishindana na madogo wenzake ingawa yote yalikuwa barabarani kwa wakati mmoja. Pamoja na hayo ilitolewa tuzo ya Kikombe cha Mfalme, ambayo haikumwendea dereva aliyetangulia bali timu ya magari ya chapa moja iliyofanya vyema kwa jumla. Maana yake ni kwamba magari matatu ya wastani yaliyofika yote yangeweza kupata heshima ambayo gari moja la ajabu lililofika peke yake lisingeipata.

Wengi waliokuja kuwa mabingwa walipita mlango huo. Mwaka 1948 mwandishi wa habari za magari, Paul Frère, na rafiki yake Jacques Swaters walishiriki Spa wakiwa na MG ndogo ya kabla ya vita. Frère alikuja kushinda saa 24 za Le Mans mwaka 1960. Swaters akawa kiongozi wa timu mashuhuri ya Kibelgiji iliyoendesha Ferrari. Jacky Ickx, mzaliwa wa Brussels, alishinda Spa mwaka 1966 pamoja na Hubert Hahne kwa BMW ya milango minne, gari ambalo daktari wa mtaani angelitumia kwenda kazini. Daraja la chini lilikuwa shule kwao, lakini lilikuwa pia mahali ambapo wengine walibaki maisha yao yote bila kuona haya.

Hapa inafaa kuvuka bahari kwa kitambo, kwa sababu Marekani ndiko swali la kipimo lilikofikishwa mbali kuliko kwingineko. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wa California walikuwa wakishindana kwenye viwanja vya ndege vilivyoachwa na jeshi: magari mawili, mstari mmoja ulionyooka, robo maili, yaani mita 402. Kimsingi lilikuwa jambo lile lile la Achères, ila sasa wawili walikimbia kwa pamoja. Mwaka 1951 Wally Parks aliunda chama cha kitaifa cha mbio hizo, na mwaka 1955 yakafanyika mashindano ya kwanza ya taifa huko Great Bend, Kansas. Chama hicho kilipambana na tatizo ambalo kila mchezo wa mashine hulikuta: mwenye fedha atashinda daima, na asiye nazo ataacha kuja.

Jibu lilikuwa daraja la magari ya kiwandani. Gari lilipaswa kubaki na umbo, injini na sehemu zake kuu kama lilivyotoka kiwandani, kisha likapangwa kwa kulinganisha uzito wake na nguvu zake. Hivyo gari la familia lenye mizigo ya viti vyake vyote lilipata mahali pake pa haki. Baadaye ikaja hatua ya kushangaza zaidi. Ili magari ya madaraja tofauti yaweze kukutana, lile la polepole huachiwa kuondoka kwanza, na la kasi husubiri. Tangu mwaka 1963 kazi hiyo hufanywa na nguzo ya taa inayoitwa mti wa Krismasi: upande mmoja huwaka kijani kabla ya mwingine, kwa tofauti iliyohesabiwa. Na katika mbio ambazo kila dereva hujitangazia muda wake mapema, anayekimbia haraka kuliko alivyotangaza hushindwa.

Msomaji asiyeujua mchezo huu na aitafakari kanuni hiyo. Haya ni mashindano ya mbio ambamo kukimbia mno ni kosa. Anayetafutwa ni mtu anayelijua gari lake mwenyewe: jinsi linavyovuta asubuhi ya baridi na mchana wa jua, jinsi lami ilivyokuwa saa moja iliyopita, jinsi mkono wake unavyochelewa taa inapowaka. Gari la polepole huondoka, la kasi hulifukuza, na kama hesabu ilifanywa vyema, magari mawili yasiyofanana hata kidogo hufika kwenye mstari wa mwisho bega kwa bega. Shabiki wa kasi kuu huona miali ya moto na kusikia ngurumo. Shabiki wa daraja la chini huona sekunde kumi na tano za wasiwasi, na gari linalofanana na lile aliloliacha mwenyewe kwenye maegesho.

Mtu wa Pwani hahitaji kwenda California kulielewa hilo. Lamu, wakati wa Maulidi, watu hujaa ukingoni mwa bahari kutazama mbio za punda. Punda si mnyama wa mbio. Ni mnyama wa kubeba mawe, mchanga na maji, na hakuna mtazamaji hata mmoja anayedhani anaona kiumbe chenye kasi kuu duniani. Wanakuja kwa sababu kila mmoja anamjua punda. Wanajua ukaidi wake, wanajua kwamba kumpiga hakutoshi, wanajua ni vijana gani wana mkono wa kumtuliza. Vivyo hivyo mashindano ya mashua: jahazi la uvuvi hubadilishwa kuwa chombo cha heshima kwa siku moja, kesho yake likarudi kazini. Ustadi unaoshangiliwa ni ustadi wa kila siku uliowekwa mbele ya macho ya watu. Hii ndiyo siri ya mvuto wa gari la kawaida katika mbio: linamrudishia mtazamaji maisha yake mwenyewe, likiyaonesha kuwa yana ufundi ndani yake.

Afrika Mashariki ilipoanza mashindano yake makubwa ya magari, kwa bahati nzuri ilianza na wazo hili. Mwaka 1953, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ulifanyika mzunguko wa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika ulioitwa Coronation Safari. Waanzilishi wake, akiwamo Eric Cecil, hawakutaka kuzunguka uwanja. Walitaka kufunga mlango wa gari na kuivuka nchi. Magari yalikuwa ya kawaida, kama yalivyouzwa hapa kwetu. Jambo la kipekee zaidi lilikuwa kipimo cha madaraja. Hawakutumia ujazo wa injini. Walitumia bei. Gari liliwekwa katika daraja lake kwa kadiri lilivyouzwa katika duka la Afrika Mashariki.

Uamuzi huo ulikuwa na busara kuliko unavyoonekana. Ujazo wa injini hupima mashine. Bei humpima mnunuzi. Kusema kwamba gari la shilingi kidogo lishindane na la shilingi kidogo ni kusema kwamba mashindano ni baina ya watu wenye uwezo unaokaribiana, na kwamba swali linaloulizwa ni lile ambalo kila mnunuzi hujiuliza dukani: kwa fedha nilizo nazo, ni gari lipi litakalonifikisha? Uingereza ilikuja kuona jinsi kipimo hicho kinavyoweza kupindua matarajio, pale mashindano ya magari ya kawaida ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalipopangwa kwa bei: Moskvich ya Kisovieti, gari la kuchekwa, ilitawala daraja la bei ya chini mikononi mwa Tony Lanfranchi.

Hapa kwetu jibu la swali la mnunuzi lilikuwa Volkswagen, ile ya mgongo wa mviringo waliyoiita mende. Mwaka 1953 Alan Dix na Johnny Larsen waling'ara nayo. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha wakaibuka washindi. Ikashinda tena mwaka 1957 na 1962. Injini yake ilikuwa ya lita moja na kidogo, yenye nguvu ambazo leo pikipiki nyingi zinazizidi. Lakini ilipozwa kwa hewa, kwa hiyo haikuwa na maji ya kuchemka kwenye miinuko. Injini ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo ilishika tope la masika pale magari makubwa ya Kiingereza yalipozama. Sakafu yake ilikuwa bapa, ikateleza juu ya mawe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, wahenga walisema. Barabara ya tope iliwafikisha wengi ukingoni mapema.

Gari hilo hilo lina ukoo mrefu Brussels. Kampuni ya D'Ieteren, iliyoanza mwaka 1805 kwa kutengeneza magurudumu ya mikokoteni, ilifungua kiwanda katika kitongoji cha Forest mwaka 1949, na mwaka 1954 ikaanza kuunganisha Volkswagen humo. Kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi mwaka 1975, mende walitoka katika lango la kiwanda hicho, wakaingia katika maisha ya familia za Kibelgiji kwa namna ile ile walivyoingia katika maisha ya wamisionari, walimu na madaktari wa Afrika Mashariki.

Lakini tusiipambe historia. Madaraja ya bei yalikuwa ya haki kwa aliyekuwa na gari. Mwaka 1953 ulikuwa mwaka wa Hali ya Hatari nchini Kenya, iliyotangazwa Oktoba 1952. Wakati magari ya sherehe ya kutawazwa yakivuka mipaka ya nchi tatu, mwendo wa Waafrika, hasa Wagikuyu, Waembu na Wameru, ulibanwa kwa amri za kutotoka nje na kwa hati za ruhusa. Wapo waliosimama kando ya barabara wakitazama watu wakisafiri kwa hiari kupita nchi ambayo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuipita. Katika orodha ya washindi wa mwaka 1954 jina la Mhindi limekaa kando ya jina la Mzungu, na hilo halikuwa jambo dogo kwa zama zile. Jina la Mwafrika halimo. Daraja la bei ya chini kabisa lilikuwa bado juu ya uzio ambao wengi hawakuweza kuuruka, na uzio huo haukujengwa kwa shilingi peke yake.

Hili ni jambo ambalo wapenzi wa magari ya kawaida, wawe wa Brussels, Kansas au Nairobi, huwa hawalisemi. Kanuni njema ndani ya uwanja haituambii lolote juu ya lango la uwanja. Mtu anaweza kupima uzito na nguvu za kila gari kwa uangalifu wa mfua dhahabu, na bado awe amesahau kuuliza ni nani hakuja.

Uzio huo ulianza kutobolewa mwaka 1965, na uliotobolewa nao ulikuwa wa rangi kabla ya kuwa wa fedha. Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho, na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544. Gari hilo lilikuwa la mtumba: kiwanda kilikwisha kulitumia katika Safari ya mwaka uliotangulia, na umbo lake lilikuwa la miaka ya 1940. Joginder akawa dereva mkuu wa kwanza asiye Mzungu kushinda. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, alishinda kwa Peugeot 404, gari ambalo kwa miaka mingi wasafiri wa Afrika Mashariki walilijua kama teksi. Mwaka 1968 ni magari 7 tu yaliyomaliza, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404 tena, ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Viwanda vya Ulaya vilileta mabingwa wao mwaka baada ya mwaka, lakini hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola aliposhinda kwa Ford Escort, hakuna dereva aliyetoka Ulaya aliyewashinda wenyeji.

Kuanzia mwaka 1973 Safari iliingia katika michuano ya dunia ya rali. Bei ilikuwa imekwisha kuacha kuwa kipimo. Vipimo vya kimataifa vya injini vilichukua mahali pake. Zilikuja helikopta za kuangalia barabara, timu za mafundi waliopangwa porini, magari yaliyofanana na ya dukani kwa nembo tu. Safari ikawa maarufu zaidi, na ikawa mbali zaidi na mtu wa kando ya barabara. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, na Ian Duncan wa Kenya akashinda mwaka 1994, lakini walishinda kwa magari ya viwanda vikubwa. Mwenyeji alibaki na ujuzi wa njia. Mashine haikuwa yake tena.

Ndiyo maana kisa cha mwaka 1993 kinanigusa kuliko ushindi mwingi mkubwa. Mwaka huo Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza. Kampuni ya Subaru ilileta Vivio, kigari cha injini ya sentimita za ujazo 660, cha aina ambayo Japani hukitumia kuendea sokoni. Mmoja wa madereva wake alikuwa Colin McRae wa Scotland, ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia. Mwingine alikuwa Mkenya Patrick Njiru. McRae alikwenda kwa kasi iliyowashangaza wenye magari makubwa, mpaka gari likavunjika. Njiru alilisikiliza gari lake, akalivusha mashimo na mito, akafika wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Mtoto wa wale waliosimamishwa kando ya barabara mwaka 1953 alifika mwisho kwa gari dogo kuliko yote, na daraja ndilo lililofanya kufika kwake kuhesabiwe. Pasipo daraja, historia ingeandika nafasi ya 12 na kufunga ukurasa.

Tukirudi Ubelgiji, hadithi inaendelea kwa sura mbili zisizofanana. Tangu mwaka 1997 wapo madereva wa Kibelgiji na majirani zao wanaoshindana katika magari ya Fun Cup. Kwa nje kila gari ni mende wa Volkswagen. Kwa ndani ni fremu ya mabomba, na dereva huketi katikati. Yote yana injini za aina moja, ili mwenye fedha nyingi asiweze kununua kasi. Kila mwaka hukutana Spa kwa mashindano ya saa 25, saa moja zaidi ya yale mashuhuri, kana kwamba kusema kwamba wa daraja la chini watakaa barabarani kuliko wakubwa. Ni furaha ya kweli, na usawa wake ni wa kweli. Lakini ni usawa uliotengenezwa karakanani. Ganda la mende limebaki kama kumbukumbu ya gari la watu, ilhali mende wenyewe wametoweka, na kununua nafasi katika gari hilo si jambo la mshahara wa kawaida. Kila mchezo wa gharama nafuu huwa na mwelekeo huu: watu huboresha, kanuni hufuata, bei hupanda, na wale ambao mchezo uliundwa kwa ajili yao hurudi kuwa watazamaji.

Sura ya pili iko ndani ya Brussels yenyewe, katika Mtaa wa Heyvaert, kati ya Anderlecht na Molenbeek. Kwa miongo kadhaa magari ya mtumba yamekusanywa humo, yakapelekwa bandarini Antwerp na kupakiwa kwenda Afrika, hasa Afrika Magharibi. Magari ambayo Mbelgiji ameyaona yamechoka huanza maisha mapya mikononi mwa mafundi watakaoyaelewa kuliko waliyoyabuni. Hakuna anayewapimia muda. Hakuna mti wa taa. Lakini swali lililoulizwa mwaka 1953 bado linaulizwa hapo kila siku, kwa Kifaransa, Kiarabu na lugha nyingi za Kiafrika: kwa fedha nilizo nazo, ni gari lipi litakalonifikisha?

Kiwanda cha Forest, ambacho miaka ya mwisho kilitengeneza magari ya umeme ya Audi, kilifungwa Februari 2025. Jiji lililomtoa Jenatzy na gari lake la umeme lilipoteza hivyo kiwanda chake kikubwa cha magari, na vilevile mahali ambapo gari la mtu wa kawaida lilikuwa likizaliwa. Makumbusho ya Cinquantenaire yataendelea kutunza magari ya ajabu, na ni vyema. Kinachohitaji kutunzwa na sisi ni kumbukumbu nyingine: kwamba Jenatzy alishinda kwa gari la kuazima, Joginder kwa la mtumba, na kwamba Njiru alihesabiwa kwa sababu mtu fulani, miaka mingi kabla yake, alikubali kwamba anayefika wa 12 anaweza kuwa wa kwanza miongoni mwa wenzake. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba wenzake hao wote wamefunguliwa lango.